Kozo Masuda: Dogo wa rula aliyempa bingwa wa Japani kete ya bure, halafu akamfunga

Wadau, leo tuache kidogo mpira na siasa. Naleta habari za mzee mmoja wa Kijapani, Kozo Masuda, aliyezaliwa 1918 na kufariki 1991. Kwao ni jina kubwa mno, huku kwetu hata ukitaja hakuna anayeshtuka. Lakini mtu yeyote aliyewahi kukaa kijiweni pale Mabatini akaangalia wazee wakicheza bao, au vijana wakipigana drafti za visoda, atamwelewa huyu jamaa mara moja. Ni yule mchezaji mwenye mdomo na mwenye uwezo, anayekuachia kete moja kabla hamjaanza, halafu anakufunga hivyo hivyo mbele za watu. Tofauti ni kwamba Masuda alitaka kumfanyia hivyo bingwa wa nchi nzima, na aliyatangaza hayo akiwa bado mtoto.

MCHEZO WENYEWE

Mchezo unaitwa shogi. Wengi huuita chesi ya Kijapani, na kweli vinafanana: kuna mfalme, na mfalme akibanwa akakosa pa kwenda, mchezo umeisha. Ubao una vyumba 81, tisa kwa tisa, na kila mtu anaanza na kete 20. Lakini kuna jambo moja linaloufanya shogi uwe karibu na bao letu kuliko ulivyo karibu na chesi. Kwenye chesi na drafti, kete ikiliwa inatupwa pembeni, imekufa. Kwenye bao, ukila kete za mwenzako unazipanda upande wako, zinaanza kukufanyia kazi wewe. Shogi ni hivyo hivyo. Kete uliyoila unaiweka pembeni, na zamu yako ikifika una ruhusa ya kuirudisha ubaoni popote penye nafasi, sasa ikiwa askari wako. Ndiyo maana kete zote zina rangi moja. Zimechongwa zikiwa na ncha, na mwenye kete anajulikana kwa upande ambao ncha inaelekea.

Kwa hiyo mchezo haupoi. Kwenye chesi kete zinapungua mpaka ubao unabaki mweupe. Kwenye shogi kadiri mnavyokulana ndivyo moto unavyozidi, maana kila mtu ana akiba mkononi ya kumrushia mwenzake. Unaweza kuongoza siku nzima, ukapitiwa mara moja tu, ukafa. Kumbuka hilo, litakuja kumtokea mtu hapa chini.

Kitu kingine cha kujua: kila mchezaji ana kete mbili ziitwazo mikuki, moja kila kona. Mkuki unakwenda mbele tu, moja kwa moja, haurudi nyuma. Zamani mchezaji mkali akicheza na aliye chini yake, alikuwa anatoa mkuki wake mmoja kabla ya kuanza ili mchezo uwe sawa. Ni heshima kwa mdogo, lakini ukimfanyia mtu anayejiona mkubwa, ni tusi.

Sasa pale juu kabisa kulikuwa na cheo kinachoitwa Meijin. Kwa karne nyingi kilikuwa kinashikwa na mtu maisha yake yote. Miaka ya 1930 utaratibu ukabadilishwa, kikawa kinagombewa ubaoni, na Yoshio Kimura akawa wa kwanza kukipata kwa njia hiyo mwaka 1937. Meijin ndiye namba moja. Yeye ndiye anayewapa wengine mkuki. Hakuna wa kumpa yeye.

RULA YA MAMA

Masuda alizaliwa kijijini, mkoa wa Hiroshima, nyumba yenye maisha magumu. Mwaka 1932, hata miaka 15 hajafika, akatoroka nyumbani kwenda kutafuta maisha ya shogi. Hakuacha barua. Alichukua rula ya mama yake, ile ya kushonea nguo, akaandika nyuma yake kwa brashi. Ujumbe wenyewe ulikuwa kwamba yeye Kozo anakwenda Osaka, na shabaha yake ni kumfunga Meijin huku akiwa amempa mkuki.

Hebu tafakari. Hakuandika kwamba anataka kuwa Meijin. Hata hakuandika kwamba atamfunga Meijin. Aliandika kwamba atampa kete ya bure, halafu atamfunga. Wakati ule jambo hilo halikuwa gumu tu, halikuwepo kabisa katika sheria. Hakukuwa na shindano lolote ambalo mtu angeruhusiwa kumpa Meijin mkuki. Ni sawa na dogo wa mtaani kusema atapigana na bingwa wa dunia mkono mmoja ukiwa umefungwa mgongoni.

Safari yenyewe haikuwa ya raha. Alianzia mjini Hiroshima, akafanya vibarua vya kuosha vyombo kwenye mgahawa. Baadaye akafika Osaka akapokelewa na mwalimu Kinjiro Kimi. Zama zile mwanafunzi wa shogi aliishi nyumbani kwa mwalimu. Anafagia, anatumwa, anajifunza kwa kuangalia na kwa kufungwa na wakubwa zake. Mwaka 1935 akaletwa dogo mwingine kutoka Kurashiki, mdogo kwa Masuda kwa miaka mitano. Jina lake Yasuharu Oyama. Wakakaa nyumba moja, wakala chungu kimoja. Masuda ndiye kaka mkubwa, akawa anamnyuka dogo kila siku kwenye mazoezi. Hakujua kwamba anamnoa mtu atakayekuja kumtesa kwa miaka zaidi ya 20.

VITA, NA SIKU ALIPOWAJIBU WAMAREKANI

Kisha vita. Masuda akaitwa jeshini, akapelekwa kisiwa cha Ponape huko katikati ya Pasifiki. Alirudi hai, lakini afya haikurudi naye. Tangu hapo maisha yake yalikuwa ya kuugua, kupona nusu, kucheza, kuugua tena. Pombe na sigara navyo hakuviacha, na hilo halikumsaidia.

Baada ya Japani kushindwa, Wamarekani ndio walikuwa wanatawala pale, na walikuwa wanapitia mila za Wajapani wakitafuta chochote chenye harufu ya vita. Kwa masimulizi ya Masuda mwenyewe, mwaka 1947 aliitwa makao makuu yao kuhojiwa kuhusu shogi. Hoja ya maofisa ilikuwa kwamba mchezo unaomlazimisha mateka apigane dhidi ya wenzake unafundisha watu kutesa wafungwa wa vita. Masuda kwanza akaomba bia. Kisha akawageuzia kibao. Akawaeleza kwamba chesi ndiyo inayoua mateka, maana kete ikikamatwa haionekani tena. Shogi haiui mtu. Inamchukua aliyekamatwa na kumpa kazi kwa cheo kile kile alichokuwa nacho. Akawapiga na lingine: kwenye chesi yenu mfalme akibanwa yuko tayari hata malkia wake afe ili yeye apone. Maofisa hawakuwa na la kuongeza. Shogi haikupigwa marufuku.

Ndo Masuda huyo. Mdomo ulikuwa sehemu ya silaha zake.

MLIMANI KOYA, 1948

Sasa tufike kwenye donda. Msimu ule Masuda aliongoza daraja la juu la wachezaji wa nchi nzima. Kwa kawaida angekwenda moja kwa moja kumpa changamoto Meijin, ambaye wakati huo alikuwa Masao Tsukada. Lakini kulikuwa na kanuni mpya ya mchujo, na hata kinara wa daraja la chini aliingizwa. Kinara huyo alikuwa nani? Oyama, yule dogo wa chungu kimoja.

Fainali ikawa michezo mitatu, ikachezwa kwenye mlima Koya, sehemu ya mahekalu ya Wabudha kusini mwa Osaka. Kipindi cha baridi, mlima juu, na Masuda mgonjwa. Alilalamikia sehemu ile, haikusaidia. Mchezo wa kwanza mmoja, wa pili mwingine, ikawa moja kwa moja. Mchezo wa tatu, Machi 1948, ndio wa kuamua.

Na katika mchezo huo Masuda aliongoza. Akafika mahali ambapo ushindi uko mkononi. Oyama, akiwa hana kingine cha kufanya, akambana mfalme wa Masuda kwa gari lake la kuruka lililokwisha kugeuka joka. Ndiyo kete yenye nguvu kuliko zote, lakini pale ilikuwa ni kufurukuta tu. Masuda alichotakiwa ni kuchukua kete moja kutoka akiba yake, aichomeke katikati kama ngao, mchezo uishe. Kitu ambacho hata mwanafunzi wa kati angekiona.

Masuda akamsogeza mfalme.

Mfalme akaenda mwenyewe mdomoni mwa simba. Oyama akaona njia, hatua kwa hatua mfalme akafa. Inasimuliwa kwamba Masuda alijisemea palepale kwamba kosa la macho si zuri, mtu aangalie vizuri. Basi. Miaka 16 tangu rula, mlango wa Meijin ulikuwa wazi mbele yake, akaufunga kwa mkono wake mwenyewe. Ni moja ya makosa yanayokumbukwa zaidi katika historia nzima ya shogi. Oyama ndiye aliyekwenda kucheza na Tsukada, akashindwa, lakini alikuwa ameshaonja.

SHERIA YAMFUATA

Hapa ndo mambo yanakuwa kama hadithi. Mashindano makubwa ya shogi yanadhaminiwa na magazeti. Gazeti la Mainichi lilipopoteza shindano la Meijin likaenda kwa Asahi, Mainichi likaanzisha lake jipya liitwalo Osho. Ili livutie wasomaji, wakaweka kanuni kali: ikitokea tofauti ya ushindi wa michezo mitatu, aliye mbele amekwisha kushinda taji, na juu ya hapo anatakiwa kumpa mwenzake mkuki katika mchezo unaofuata. Hata kama mwenzake ni Meijin.

Yaani kile ambacho mtoto alikiandika nyuma ya rula mwaka 1932, bila kanuni yoyote ya kukiwezesha, sasa kilikuwa kimeandikwa kwenye sheria za shindano.

Msimu wa kwanza rasmi, 1951 kuingia 1952, Masuda akakutana na Kimura, aliyekuwa amerudi kwenye kiti cha Meijin. Baada ya michezo mitano, Masuda kashinda minne. Taji lake. Mchezo wa sita ulipangwa Februari 1952 kwenye hoteli ya Jinya, mkoa wa Kanagawa, na ndio ambao angempa Meijin mkuki. Nchi nzima inasubiri.

Masuda akafika hotelini, akagoma kucheza. Sababu aliyotoa ni kwamba alipofika mlangoni alipiga kengele, hakuna aliyetoka kumpokea, amedharauliwa. Likawa bonge la kashfa. Chama cha shogi kikamfungia mwaka mzima, mashabiki wakaja juu, mabishano yakawa makubwa mpaka adhabu ikafutwa. Mpaka leo watu wanabishana sababu halisi ilikuwa nini. Wapo wanaosema ni kengele kweli. Wapo wanaosema ni ugomvi wa siku nyingi na viongozi. Na wapo wanaoamini kwamba ilipofika saa yenyewe, Masuda hakutaka kumvunjia heshima mzee Kimura wala kiti chenyewe cha Meijin. Mimi naona hiyo ya tatu ina uzito, maana mtu anayetamani kitu tangu utoto haachi nafasi yake kwa sababu ya kengele tu. Ila huo ni mtazamo wangu. Hoteli ya Jinya ipo bado, na siku hizi wageni wakifika wanapokelewa kwa kupigiwa ngoma.

JANUARI 1956

Mwaka huohuo 1952 Oyama akamng'oa Kimura, akawa Meijin. Mwaka uliofuata akamnyang'anya Masuda taji la Osho pia. Masuda akamfuata kwenye Meijin 1953, akapigwa nne kwa moja. 1954 tena, nne kwa moja. Afya ikazidi kuyumba. Watu wakaanza kumwandikia taazia ya kimchezo: kipaji kikubwa, mwili haupo, dogo kampita.

Msimu wa 1955 kuingia 1956 akaibuka tena kumpa Oyama changamoto kwenye Osho. Mchezo wa kwanza Masuda. Wa pili Masuda. Wa tatu Masuda. Tofauti ya mitatu. Taji limerudi, na kanuni inasema mchezo wa nne Meijin anapewa mkuki.

Safari hii hakuna kengele. Alikuwa na miaka 37, Oyama 32. Januari 1956 wakakaa. Mkuki mmoja wa Masuda ukaondolewa ubaoni, mbele ya Meijin aliye madarakani, na mchezo ukaanza. Kwa Oyama ile ilikuwa fedheha kubwa kuliko zote alizowahi kuzipata. Akishinda, kashinda kwa kubebwa. Akishindwa, ataingia kwenye historia kwa njia mbaya.

Akashindwa. Miaka 24 baada ya rula ya mama, neno likatimia. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kumfunga Meijin katika shindano rasmi la taji akiwa amempa kete. Na hakuna atakayeweza, maana kanuni ile baadaye iliondolewa.

MATAJI YOTE, HALAFU MTEREMKO

Baada ya hapo Masuda akafunguka. Akachukua na taji la Kudan kwa Tsukada. Julai 1957, katika mchezo wa sita wa Meijin, akamfunga Oyama na kumaliza pambano nne kwa mbili. Wakati huo mataji makubwa yalikuwa matatu tu, na yote yakawa nyumbani kwake. Alikuwa wa kwanza kuyashika yote kwa pamoja. Kauli aliyoitoa baada ya hapo haikuwa ya majigambo hata kidogo: alisema ametembea njia ndefu mpaka pale, na bado yuko chini ya mlima.

Hakukaa juu sana. 1958 alitetea umeijin wake dhidi ya Oyama, lakini mataji mengine yakaanza kumponyoka, na 1959 Oyama akamaliza kazi. Kuanzia hapo Oyama akashika Meijin miaka 13 mfululizo. Kwa hesabu ya mataji hawalingani hata kidogo: Oyama alimaliza na 80, Masuda 7. Walikutana mara zaidi ya 160 na Oyama ndiye aliyeshinda nyingi zaidi. Ukiangalia jedwali tu, utajiuliza Masuda anasifiwa nini.

Jibu lipo ubaoni. Oyama alikuwa ukuta. Alisubiri ukosee. Masuda alikuwa anatafuta kitu ambacho hakijawahi kuchezwa. Msimamo wake wa maisha ulikuwa kwamba mchezaji lazima agundue mbinu mpya mpaka anakufa, hata kama mbinu hiyo itaigwa kesho na kila mtu na yeye asipate faida nayo.

1971: MCHEZO WA SABA

Pambano lao kubwa la mwisho ni la 1971. Masuda ana miaka 53, nywele ndefu, ndevu kama mganga wa porini, pumzi hana. Kavuka mchujo, yuko tena mbele ya Oyama kugombea Meijin. Na kaja na silaha mpya: alichukua mtindo wa zamani ambao wakubwa waliudharau, akauboresha, akauingiza kwenye pambano kubwa kuliko yote nchini. Katika pambano hilo alipiga hatua moja ambayo bado inawekwa kwenye vitabu: alichomeka kete ya fedha mahali ambapo ingeliwa bure kabisa, na kila alivyotaka kuila, Oyama alikuwa anaharibikiwa. Watu walisema ile imeshuka kutoka mbinguni.

Mchezo kwa mchezo, tatu kwa tatu. Wa saba ndio wa kuamua. Mechi hizi zinachezwa siku mbili. Jioni ya siku ya kwanza mwenye zamu anaandika hatua yake kwenye karatasi, inafungwa ndani ya bahasha mpaka asubuhi, ili asiwepo wa kulala akijua zamu ya mwenzake. Kwa mzee mgonjwa, michezo saba ya namna hiyo ni adhabu. Oyama akaushinda wa saba. Nne kwa tatu. Masuda hakurudi tena kugombea Meijin.

Alistaafu 1979. Mwaka 1988 chama kikamtunuku rasmi heshima ya Meijin wa nne tangu cheo kianze kugombewa. Akafariki tarehe 5 Aprili 1991. Oyama naye hakukaa, akamfuata Julai 1992, akiwa bado anacheza daraja la juu kabisa na miaka 69. Baada ya kifo cha Masuda ikaanzishwa tuzo yenye jina lake, inayotolewa kila mwaka kwa aliyegundua mbinu mpya. Haimwangalii aliyeshinda sana, inamwangalia aliyekuja na kitu ambacho hakikuwepo.

Sasa swali kwa wadau, hasa nyie wa vijiweni. Mmoja ana mataji 80. Mwingine ana 7, kosa moja la aibu kule mlimani Koya, na mchezo mmoja wa Januari 1956 ambao hakuna atakayeurudia. Ungepewa kuchagua, ungechukua maisha ya nani? Na kule Jinya, unadhani aligoma kwa sababu ya kengele kweli, au moyo ulimwambia asimdhalilishe mzee wa watu?

Tupieni maoni hapo chini, kistaarabu. Nawakilisha.